Chupa ya Mwanasiti

Mimi ni mshauri wa wanafunzi chuoni, Mtaita wa kanisani, na hujigamba kwamba naheshimu dini ya kila mtu. Nilimwambia Mwanasiti, aliyekuwa akitetemeka kwa hofu ya mtihani, aje na kitu cha imani kinachomtuliza. Akaja na chupa ya maji ya manjano yanukiayo marashi, akaiweka mezani. Nikadhani kaniletea sharubati. Huku nikimhimiza avute pumzi, nikaimaliza yote, nikalamba midomo.

Akanikodolea macho.

"Mwalimu, hilo ni kombe. Nyanya kaandika aya za Kurani sahanini kwa zafarani, akaziosha, ninywe kabla ya mtihani."

"Mtihani wenyewe lini?"

"Leo saa nane." Akaangua kicheko, mikono imeacha kutetemeka. "Basi twende, mwalimu, ukanifanyie."