Kichujio cha Nne

Mume wangu ni mpimaji macho, na kwa kazi yake sina neno naye. Mteja anaketi, anabadilishiwa vioo, anaulizwa ya kwanza au ya pili, na dakika kumi baadaye yuko mezani kwangu anachagua fremu. Miaka ishirini na sita sijamwona akisitasita. Lakini mtu huyohuyo alitumia miezi saba kuchagua kipande cha kioo cha kuweka mbele ya kamera, na mimi ndiye niliyeishi naye miezi hiyo.

Anapiga picha za nyota juu ya paa la jengo letu. Mtaa unamwita Profesa wa Paa, na hawamsifu. Kwa miaka kumi hakuna aliyeomba kuona hata picha moja, mpaka mkutubi wa maktaba ya mji, ambaye ni mteja wetu, alipompa ukuta. Picha moja kubwa, pale mlangoni, kila anayeingia aione. Siku hiyo mume wangu alikula chakula cha mchana amesimama, kwa furaha. Baadaye mkutubi alisogeza tarehe ya kuitundika mara mbili kwa ajili yake, kisha akasema Ijumaa ya mwisho wa mwezi ndiyo basi, ukuta atapewa mwingine.

Alichotaka kukipiga ni wingu la gesi lililoko huko mbali, jekundu, limezungukwa na nyota. Tatizo, alisema, ni taa za barabarani. Zinamwaga umanjano wao angani na kamera inaumeza wote. Dawa yake ni kichujio, kioo chembamba kinachozuia mwanga wa taa na kupitisha ule wa nyota. Haya, akaagiza cha kwanza. Picha ikatoka, mimi nikaona wingu jekundu na nyota nyeupe pe. Yeye akafumba jicho la kushoto, akaweka lenzi ya kukuzia kwenye jicho la kulia, jinsi anavyokagua kila kioo tangu nimfahamu, akasema, "Ina umanjano."

Cha pili kilipitisha rangi mbili tu. Nacho, alisema, kina umanjano. Cha tatu sifa yake kubwa ilikuwa kukata manjano, ndiyo kazi yake, imeandikwa kwenye boksi. Hicho nacho akakikataa.

"Bwana wewe," nikamwambia, "unatafuta kichujio au unatafuta sababu? Mchagua nazi hupata koroma."

"Mama Watoto, wewe huwezi kuuona. Jicho lako halijazoea."

Jibu nililokuwa nalo halifai mbele ya wateja.

Ukaidi wake haukuishia kwenye nyota. Mdogo wangu, fundi rangi, alitupakia chumba cha kupimia, na mume wangu akaingia, akautazama ukuta, akasema, "Shemeji, hii si nyeupe. Hii ni krimu." Mdogo wangu akarudia ukuta mzima, na bado ukawa krimu. Alipokuwa anaondoka akanionyesha mkebe, nyeupe tupu. "Dada," akasema, "huyu mvumilie tu." Nami nilivumilia, ila si kwa moyo safi.

Jumatano, siku mbili kabla ya ile Ijumaa, alikuja dukani asubuhi na habari kwamba ameona kichujio cha nne, kitafika baada ya wiki tatu, na atamwomba mkutubi asubiri. Hapo nikaishiwa. Niliingia chumba cha kupimia, nikawasha taa zote, nikazipanga picha tatu mezani.

"Chagua."

Akafumba jicho la kushoto, akainama. Kwa hasira, wala si kwa akili yoyote, nilimziba jicho la kulia kwa kiganja. "Tazama kwa hili lingine, ambalo halijasoma."

Akalifumbua. Nilingoja anitoe mkono, hakunitoa. Kisha akauondoa taratibu, akajiziba mwenyewe, kulia, kushoto, kulia tena. Akatazama picha, akatazama ukuta, akatazama blauzi yangu.

"Ni nyeupe," alisema.

"Ipi?"

"Zote. Hata ile ya kwanza."

Alichukua kurunzi yake ndogo, akajimulika mbele ya kioo cha wateja, kisha akakaa kwenye kiti chao. "Mtoto wa jicho," akasema. "Ndiye mwenye umanjano. Na si wa jana." Nimemsikia akiwaambia watu maneno hayo mara nyingi, kwa upole, huku akiandika barua ya kwenda hospitali. Safari hii upole haukuwepo.

"Si huwa anatolewa?" nikasema. "Unawaambia kila siku ni kazi ya nusu saa."

"Anatolewa."

"Basi tunapeleka ile ya kwanza."

Hakunisikia. Alikuwa amefungua kabati la kadi za wateja. "Ndugu yako alipaka ukuta lini?"

"Mwezi wa pili."

"Kwa hiyo tangu mwezi wa pili, au kabla, kila miwani iliyotoka hapa nimeikagua kwa jicho hili." Akaivuta droo nzima, akaiweka mapajani.

Ijumaa niliibeba picha mwenyewe. Alikuwa kwenye simu na mpimaji wa mtaa wa pili, yule ambaye kwa miaka yote amekuwa akimwita muuza fremu. Alimwita "mwenzangu" na kumwomba, tafadhali, awapime upya watu themanini na mmoja wa kadi zile.

Nilisimama mlangoni na bahasha, nikamwuliza kama nimechukua picha yenyewe.

"Yoyote," alisema, akarudi kwenye simu.

Miezi saba nilimwomba Mungu amfundishe mume wangu kusema neno hilo. Nililia njia nzima hadi maktaba.