Sabla Waliyomfungia Mama

Walimfungia mama yangu sabla. Alipokufa, wazee wa kabila lake mwenyewe, damu yake, walikataa matanga yake yasikae katika sabla hiyo, ukumbi wao wa mikutano na misiba hapo mtaani Mawaleh. Tukapokea watu nje, chini ya turubai, katikati ya gari za majirani.

Kabila lenyewe dogo. Likikusanyika lote, sahani chache za biriani zinalitosha na paka wanabakishiwa. Lakini serikali linayo! Lina shekhe, naibu wa shekhe, katibu, na kamati ya kahawa ambayo kazi yake ni kujadili nani anywe kwanza. Wanaume wote viongozi. Wa kuongozwa tumebaki sisi wanawake.

Shekhe ni Mutasim, mtoto wa kaka yake mama. Mchana anauza viyoyozi mtaa wa Ghala; jioni anavaa joho, anakuwa dola.

Mama yangu, Masouda, hakuwa na cheo. Alikuwa muosha maiti. Aliolewa na baba yangu, mtu asiye na kabila la kutajwa, lakini kila mwanamke wa kwao aliyekufa, yeye ndiye aliyemuosha, akamfukiza udi, akamkafini kwa sanda. Akirudi nyumbani hataki shukurani, anataka chai.

"Maiti hasengenyi, mwanangu," akiniambia. "Ndiyo maana nampenda kuliko walio hai."

Alipokufa, nilipokwenda kumwombea sabla, nilimkuta Mutasim na wenzake wamezunguka sahani ya tende.

"Jawaher, dada yangu," alisema, kwa sauti yake ya msibani. "Marehemu twamheshimu. Lakini kamati imekata shauri: mwanamke akiolewa nje, keshamfuata mume. Sabla ni ya kabila."

"Shangazi yako huyo, Mutasim. Na mikono yake ilipokuwa ikiwaosha mama zenu, ilikuwa ya kabila gani?"

"Thawabu zake anazo," alijibu katibu, akatema kokwa.

Mwaka haukwisha, akafa Bi Shaikha, mama yake Mutasim. Huyu hata hakuzaliwa kwetu. Aliingia kabilani kwa ndoa, na alipofiwa na mume akatoka kwa ndoa, akaolewa na mtu wa Sur, akakaa naye mpaka mwisho. Kwa sharia yao, huyo ndiye wa nje kabisa. Lakini kamati ilikutana, na kabla kahawa haijapoa ikaona kuwa mama wa shekhe ni jambo jingine. Sabla ikafunguliwa, mazulia yakakung'utwa.

Ndipo wakakumbuka kwamba hawana wa kumuosha. Mutasim akaja mlangoni kwangu, bila joho.

"Dada, nakuomba. Wanawake wetu wanaogopa. Weye ulikuwa ukimsaidia mama."

"Leo nami wa kabila?"

Akaangalia viatu vyake. "Tutazungumza baada ya maziko."

"Nitamuosha. Bi Shaikha hakukaa katika kamati yenu. Lakini matanga yake yakiondoka, mama yangu asomewe hitima mle mle sabla. Nawe usimame mlangoni upokee watu, na jina lake ulitaje: Masouda, binti wa kabila hili."

"Inshallah," akasema.

Inshallah ya mtu mwenye haraka twaijua.

Nilimuosha kwa maji ya mkunazi na kafuri, taratibu, kama mama alivyonifunza. Nikamwambia sikioni, "Bi Shaikha, ukimkuta Masouda huko, mwambie kuwa mwanao bado yumo kuzungumza na kamati."

Matanga yalipokwisha nilimuuliza Mutasim. Akaniambia kamati imeunda kamati ndogo.

Basi deni ni hili: hitima moja ya Masouda, ndani ya sabla, si nje kwenye gari, na Mutasim mlangoni, wima, akilitaja jina lake kwa sauti ya kusikika. Mdai ni mie. Mdaiwa ni Mutasim, pamoja na kila mwanamme aliyekaa pale akala tende, akanyamaza. Wana mama hao, wana wake, wana dada. Na mikono ya kuosha iliyobaki ni hii yangu.