Priampu ya Taa Mbili na Nikaha ya Zuhura

Mpaka leo nikipita Jomvu Kuu kuna watu wazima, tena wenye ndevu zao, wanaoniuliza kwa heshima zote leo kuna msiba wa nani, na mimi hucheka nao kwa sababu nikikasirika wataongeza, lakini wallahi ile aibu ya nikaha ya dada yangu Zuhura haijanitoka.

Siku hizo stirio yangu ndiyo iliyonipa jina mtaani. Amplifaya nzito, spika mbili za mbao, deki ya kaseti, na katikati yake priampu, kile kisanduku kinachopokea sauti ikiwa dhaifu na kuipa nguvu kabla ya kuipeleka kwenye amplifaya. Harusi ikiwa imekaribia, umeme ukaruka, priampu ikatoa moshi, ikafa. Wakati mwingine ningengoja, lakini nilikuwa nimeshampa Bibi ahadi. Bibi, mama yake baba, ndiye aliyemlea Zuhura. Alikuwa ameanguka akavunjika nyonga, hatoki kitandani, na hamu yake ilikuwa moja tu, kuyasikia kwa masikio yake maneno ya kumwoza yule mtoto. Nikaha ingesomwa msikitini kama ada, wanawake wangebaki nyumbani, na maalim hakubali kipaza sauti cha adhana kitumiwe kwa jambo jingine. Basi nikasema, Bibi, nitaweka maiki msikitini nivute waya hadi nyumbani, utasikia kama umeketi nao. (Nani alinituma?)

Fundi mmoja wa Changamwe akanitolea priampu mbili ambazo mfuko wangu ungeziweza. Moja ya chuma, nzito, imechubuka rangi kama sufuria ya mama ntilie. Nyingine ya plastiki, inang'aa, ina taa nyekundu na ya kijani zinazocheza sauti ikipanda. Mke wangu Mwanaisha, tuliyekuwa tumetoka pamoja kununua udi, akaniambia, "Chukua ya chuma, Baba Omari. Bibi yuwataka kusikia, hataki kutazama taa." Mimi nikawaza wageni watakavyoitazama ile michubuko sebuleni, nikachukua ya taa. Nyumbani nikaijaribu kwa kaseti ya taarabu, ikaimba vizuri mno. Kwa waya mrefu sikuijaribu.

Siku yenyewe, baada ya alasiri, waya umepita juu ya mapaa mpaka msikitini, nyumba imejaa wanawake, Zuhura na hina zake ameketi kitandani karibu na Bibi, wameshikana mikono, na mimi peke yangu sebuleni nyuma ya pazia, nimechutama mbele ya taa zangu. Baba akaanza kusema. Sauti ikaja hafifu, na nyuma yake mnong'ono fulani ambao nilidhani ni wazee wanazungumza. Bibi akaita, "Mjukuu wangu, sisikii!" Neno lile husemwa mara moja, likipita limepita, na bibi yangu amelingojea miaka. Nikakizungusha kile kifundo cha kuongeza sauti mpaka mwisho.

Sauti ya baba ikazama. Ikatoka nyingine, nene, ya huzuni, nyumba nzima: "...tunasikitika kutangaza kifo cha ghafla cha mzee wetu mpendwa..."

(Baadaye fundi aliniambia plastiki haizuii mawimbi ya redio, na waya mrefu namna ile juu ya mapaa ni eriali tosha. Baadaye!)

Mama akapiga ukemi, "Mume wangu!" na wanawake wote wakapokea. Bibi alikuwa akipaza sauti, "Nyamazani! Huyu si wa msikitini, huyu yuwasoma vifo redioni, mimi humsikiliza kila siku!" lakini nani amsikie? Nami nilikuwa nimeganda, mkono juu ya kifundo, sikumbuki hata kukizungusha nyuma.

Kule msikitini baba alikuwa amemshika bwana harusi, Salim, mkono, ameshasema nimekuoza, Salim amefungua kinywa kujibu, vilio vikaingia dirishani. Baba akajua mamake amefariki. Akauachia ule mkono akatoka mbio pekupeku, na wanaume wote nyuma yake, kanzu wamezikunja. Wakakutana na wanawake njiani.

"Amekufa saa ngapi?" baba akauliza huku akilia.

"Wewe si ndiye uliyekufa?" mama akamjibu.

Vilio vikakatika, na spika zangu zikasikika wazi kutoka dirishani, mazishi yatafanyika kesho, watu wote wajulishwe popote walipo. Nikang'oa waya ukutani. Nikatoka nje kueleza, na kila nilipoeleza nyuso zilizidi kukunjamana, mpaka ami yake Salim akasema huo ni mkosi, jambo limekatika katikati, warudi kwao na siku itazamwe upya. Zuhura alikuwa mlangoni, hina na machozi pamoja. Nikaona nimemwachisha dada yangu kabla hajaolewa.

Maalim ndiye aliyetuokoa. Akasema Salim hajajibu, kwa hiyo hakuna kilichoharibika, na nikaha si lazima iwe msikitini. Wakaketi pale pale barazani, chini ya dirisha la Bibi. Baba akasema, Salim akajibu, na ndani Bibi akasema alhamdulillahi kwa sauti iliyofika mpaka njiani. Hatua chache kutoka kitandani kwake, na hapakutakiwa waya wala taa.

Niliapa siku ile kwamba chombo chochote kitakachoniangalia kwa taa dukani nitakipita, na nimekishika kiapo changu. Nilipoingia kumwomba Bibi radhi alinivuta sikio, akasema ameshanisamehe, ila kuna jambo moja linamsumbua.

"Yule mzee wa redioni," akaniuliza, "azikwa wapi? Ulizima kabla hawajasema."