Bunduki Aliyoiponya Mbae

Mume wangu Mbae hakujua kufanya kazi nusu. Nimeishi naye miaka thelathini na sita, na sisemi hivyo kwa kumsifu. Ukimletea baiskeli iliyotoboka mpira, atakurudishia mnyororo umesafishwa na kengele inalia, na wewe hukuomba kengele. Ujuzi huo aliupata katika jeshi la Waingereza, KAR, kule Burma, alikosafisha na kutengeneza bunduki za askari kwa miaka mitatu. Aliporudi Meru alipewa kibaraza nje ya duka la Msomali mmoja, Ahmednoor, akawa anatengeneza baiskeli, cherehani na taa za karabai. Mimi nilikaa kando yake nikiuza uji. Bunduki hakuzigusa tena. Wakati ule wa Hali ya Hatari, serikali ikiwasaka Mau Mau, hakuna Mwafrika mwenye akili timamu aliyetaka kuzigusa, kwa sababu risasi moja tu mfukoni ilitosha kukupeleka kwenye kitanzi.

Dada yake, Kathure, alikuwa ameolewa na Rwamba, mtu wa Ishiara, kule chini kwenye joto. Rwamba alikuwa mbeba bunduki wa Mzungu mmoja mwenye kiwanda cha mbao upande wa Timau. Mzungu huyo alipenda kuwinda kanga na kware, na bunduki yake ya marisau ilikuwa ya aina ambayo wengi wetu hatukuwa tumeiona: ukifyatua mara moja, yenyewe inatupa ganda nje na kujipakia risasi nyingine, hivyo hivyo mpaka tano ziishe. Tangu mvua za Aprili, bunduki hiyo ilianza kuharibu risasi. Inafyatua moja, ya pili inakwama. Ukiitoa unaikuta mdomo umepondeka na kitako chake cha shaba kimeng'atwa.

Sasa kila risasi ilikuwa imeandikwa kwenye kitabu cha afisa wa Kizungu aliyesimamia usalama wa eneo letu. Kufika Julai 1954 zilikuwa zimeharibika kumi na nne. Afisa akasema haiwezekani. Akasema Rwamba anaiharibu bunduki makusudi ili risasi zitupwe vichakani na watu wa msituni waje kuziokota. Akamfungia Rwamba kwenye ngome ya homgadi, wale walinzi Waafrika wa serikali.

Jumatatu moja ya ukungu afisa huyo alishuka kwenye gari mbele ya sufuria yangu, akaiweka bunduki juu ya meza ya Mbae pamoja na risasi sita zilizoharibika, zimeshamwagwa baruti.

"Wewe fundi ya KAR," akasema. "Tengeneza hii. Bunduki napona, shemeji yako natoka. Mimi narudi Ijumaa."

Akamwacha homgadi mmoja, Bundi, akae hapo na mkuki wake alinde bunduki isikimbie. Mbae aliniangalia, na macho yake yaling'aa kwa matumaini. Nami nilifurahi, kwa nini nifiche? Kitu kilichoharibika kilikuwa kimeletwa kwa mtu ambaye hajawahi kushindwa na kitu kilichoharibika.

Jumanne alianza na kucha, kile chuma kidogo kinachoshika kitako cha risasi na kulivuta ganda nje. Akadhani imelika ndiyo maana inang'ata. Akaichunguza kwa kioo cha Ahmednoor cha kusomea, akaikuta nzima kabisa. Akageukia risasi zenyewe. Zilikuwa za karatasi nyekundu, na karatasi na ukungu wa Julai havipatani; akafikiri zimevimba. Akazianika kwenye joto la jiko langu, huku nikimwambia asiniwekee uchawi wa Wazungu karibu na uji wa watu. Zilipokauka aliziingiza moja moja kwa kidole, zikaingia bila shida. Kumbe hata kabla ya kukauka zilikuwa zinaingia.

Jumatano akashuku springi. Akaitoa, akaipima urefu kwa kamba, akairudisha. Kathure alikuja saa sita akasimama tu, hakuketi.

"Mwana wa mama, umeona nini?"

"Bado. Lakini nitaona."

"Wanampiga," Kathure akasema. Bundi aliangalia pembeni.

Alhamisi asubuhi Mbae alifanya jambo ambalo angelifanya siku ya kwanza kama asingekuwa na haraka ya kuwa na akili nyingi. Alikumbuka kwamba kwenye bunduki ya aina hii mtutu wenyewe hurudi nyuma kila inapofyatuliwa, halafu huruka mbele kwenda mahali pake, na hapo ndipo ganda linapotoka na risasi mpya kupanda. Aliukandamiza mdomo wa mtutu mezani mpaka ukazama, kisha akauachilia. Ulitakiwa kuruka. Badala yake ulipanda polepole, kama mzee anayeinuka kwenye kigoda.

"Hapa," akasema. "Mtutu unachelewa. Ganda la zamani halijatoka na risasi mpya imeshapanda. Zinakutana mlangoni, chuma kinaziponda."

Akaifungua sehemu ya mbele ya mbao. Ndani, kwenye pete ya shaba inayopunguza mwendo wa mtutu, palijaa utando mweusi unaonata. Aliuchukua kwa kidole akaunusa, akakunja uso. Mimi niliisikia harufu yake kutoka nilipokaa. Nikacheka. Mungu wangu, nilicheka kwa sauti.

"Mbarika!" nikasema. "Rwamba amepaka bunduki ya Mzungu mafuta ya mbarika!"

Kwao Ishiara hakuna kitu kizuri kisichopakwa mafuta hayo. Upinde unapakwa ili usipasuke na jua, podo linapakwa, ngozi inapakwa, bibi harusi anapakwa. Mafuta ya bunduki yalipomwishia, mvua ikinyesha, Rwamba aliipaka ile bunduki kama baba yake alivyomfundisha kuutunza upinde, na hakupaka kidogo, kwa maana alikuwa anaipenda kazi yake. Mafuta yakashikana na masizi ya baruti, baridi ya Timau ikayagandisha. Basi. Nilicheka kwa sababu niliona amepona. Nani atamfunga mtu kwa kutunza kitu?

Mbae hakucheka. Alikuwa anamwangalia Bundi, na Bundi alikuwa ameacha kuegemea ukuta.

"Bundi," Mbae akasema taratibu, "wewe unajua mafuta haya."

"Najua, fundi. Hata sime yangu napaka."

"Basi hakuna haja ya kuyataja. Nitasafisha, nitasema ilikuwa springi."

Bundi aliangalia mlango wa duka. Hakuwa mtu mbaya, na mpaka leo sipendi anapotukanwa. "Na wakijua nilisikia nikanyamaza?" akasema. "Mimi pia niko na watoto, fundi. Mama amesema kwa nguvu, hata wenye duka wamesikia."

Kweli, Ahmednoor alikuwa amesimama mlangoni pake.

Bundi alipokwenda haja, nilimwambia Mbae kwa Kimeru avunje springi, avunje chochote, tuseme bunduki imezeeka. Alinijibu kwamba wataipeleka Nairobi, fundi wa huko ataona imevunjwa juzi, na hapo tutanyongwa wote. "Alisema ikipona atatoka," akarudia. Akaitia pete ile kwenye mafuta ya taa, akaisugua kwa majivu laini na kitambaa cha sketi yangu ya zamani mpaka ikang'aa. Sijawahi kumwona akifanya kazi vizuri namna ile.

Ijumaa Kathure alifika mapema na shati la mumewe, amelifua na kulipiga pasi. Afisa alikuja na risasi tano nzima. Akaielekeza bunduki juu, akafyatua tano mfululizo, ndege wote wa sokoni wakaruka, na maganda matano yakaanguka kwenye vumbi, mekundu, mazima, hayana hata mkwaruzo. Kathure alishika kifua akatabasamu. Alikuwa ameambiwa ikipona mume wake atatoka.

"Mzuri sana," afisa akasema. "Sasa, hii homgadi nasema iko mafuta ndani. Kweli?"

"Kweli, bwana, lakini ni mafuta ya..."

"Mafuta ya bunduki?"

"Hapana, bwana. Ni mafuta ya nyumbani, kwao wanapaka..."

"Nani natia? Rwamba natia na mkono yake?"

"Ndiyo, bwana. Lakini hakujua."

Afisa aliandika. Aliandika mistari miwili, si zaidi. Kisha akaeleza, kwa upole kabisa, kama mtu anayemwonyesha mtoto hesabu: bunduki ikiwa na mafuta ya Rwamba inaharibu risasi, na bila mafuta ya Rwamba haiharibu, na fundi mwenyewe ndiye aliyelithibitisha hilo leo mbele ya watu wote. Akamshika Mbae mkono akamshukuru. Angeitengeneza vibaya, labda pangebaki shaka kidogo ya kumwokoa Rwamba.

Walimpandisha Rwamba kwenye lori jioni ile ile, kwenda kambi ya kizuizini huko nyika. Kathure alilikimbilia lori na lile shati, homgadi wakamrudisha. Hakutulaumu. Ningependa angetulaumu. Alimuuliza Mbae jambo moja tu, ingawa alikuwa ameliona mwenyewe: "Ilipiga vizuri?" Mbae akasema ndiyo, maana kumdanganya dada yake hakujua pia.

Wale waliokubali makosa yao kambini walirudishwa nyumbani kidogo kidogo. Mwaka wa 1957 alirudi mtu wa Kaaga aliyelala kibanda kimoja na Rwamba. Alituambia kwamba kila mwezi Rwamba aliitwa mezani akaulizwa nani alimtuma kutia mafuta, na kila mwezi alijibu kwamba hakutumwa na mtu, alikuwa anaitunza. Waliandika kwamba bado ni mkaidi. Alikufa kwa kuhara, zamu yake ya kuulizwa ikiwa kesho yake.