Siku Sauti Yangu Ilipovunjika Lakeville

Ipo Jumamosi moja ya majira ya joto, mwanangu Cherono, ambayo haijanitoka kichwani hata leo, na nimeona nikusimulie kabla Jumapili haijafika. Jana ulipoambiwa kwamba wewe ndiwe utakayemkaribisha nyanya yako kanisani kwa Kiswahili, ulinijia jikoni macho yamekutoka. "Dad, siwezi," ukasema. "Watanicheka. Kiswahili changu ni broken, kimevunjika." Ukapanda ngazi kabla sijajibu, nikabaki na kikombe changu cha chai. Basi jibu langu ndilo hili. Ni refu kidogo, lakini wewe ni mtoto wa mwanamuziki, kusubiri umeshakuzoea.

Umenijua tangu utotoni nikiwa na kofia hii pana na buti za visigino, na shuleni wenzako walikuwa wakikuuliza kama babako ana farasi. Sina farasi. Nilikulia Kericho kwa watu wa ng'ombe, na baba yangu alikuwa na gramafoni na santuri za wachunga ng'ombe wa Amerika. Maneno hatukuyaelewa hata moja, ila tulijua huyu anayeimba ni mtu aliye mbali na kwao, na ana mifugo, na ana majonzi. Hayo yalitutosha. Nilipokuja huku kusoma nilidhani kila Mmarekani anaimba hivyo. Wapi! Wanafunzi wenzangu waliniambia huo ni muziki wa babu zao, wakanionea huruma kama mtu aliyefika harusini keshoye.

Ndipo nikampata Mzee Walter. Nilikuwa nafanya zamu katika nyumba ya kutunzia wazee hapa mjini Crystal, naye alikuwa akija na bendi yake Jumapili mchana kuwaimbia. Walikuwa na fidla, akodiani, gitaa, na ile besi inayosimama kimo cha mtu mzima. Walter mwenyewe alikuwa fundi wa yodeli. Yodeli unaijua, umeisikia bafuni kwetu maisha yako yote: sauti inatoka kifuani, inavunjika ghafla, inaruka kichwani, inarudi. Siku niliyoisikia ana kwa ana nilisahau kusukuma kiti cha magurudumu, nikasimama nacho katikati ya ukumbi, hadi bibi aliyekuwa amekikalia akanigeukia: "Songa, kijana, na mimi nataka kuona!" Nikaanza kuitikia sauti ya pili kutoka kule nyuma. Walter akanisikia. Haukupita muda nikawa ndani ya bendi, na kofia nikapewa.

Kisha akafanyiwa upasuaji wa koo. Alipona, Mungu ashukuriwe, lakini sauti ya juu haikurudi. Watu wakaanza kuizungumzia bendi kama marehemu. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, na Walter hakuhitaji mtu wa Kericho amfundishe hilo. Alituita kwake katika mji wa Savage, kwenye gereji tuliyofanyia mazoezi, akaninyooshea kidole. "Watu wa mji wa Lakeville wametualika bustanini," akasema. "Wewe ndiye utakayepiga yodeli. Watu wakikukubali, bendi inaendelea. Wakikukataa, fidla inaingia sandukuni na kila mtu anaenda kwake."

Mimi sikutetemeka hata kidogo. Nilikuwa tenori wa kwaya, tena kwaya iliyozoea kurudi nyumbani na vikombe. Mwalimu wetu alikuwa na fimbo nyembamba, na sauti ikikuvunjikia, hata kama ni kidogo namna gani, ulikuwa unanyoosha kiganja. Kwa hiyo nilijua kupanda kutoka chini hadi juu bila mshono kuonekana. Nikaipiga yodeli ya Walter hivyo hivyo, laini kama siagi. Nikamaliza, nikasubiri sifa.

Walter alitoa mdomoni kijiti alichokuwa akitafuna. "Nzuri sana," akasema. "Ni nzuri, lakini si yodeli. Unashona pale panapotakiwa kupasuka. Unaogopa nini hapo?"

"Sauti itavunjika, Mzee."

"Ndiyo kazi yenyewe! Kijana, hapo unapopaonea aibu ndipo watu wanapotoka majumbani kwao kuja kupasikia."

Nilikasirika, sikufichi. Nilifundishwa na watu wazito, na huyu wa gereji ananiambia niimbe kama mtoto anayebalehe! Niliendesha gari kutoka Savage hadi Crystal nikibishana naye peke yangu, na kila hoja nilishinda mimi. Asiyesikia la mkuu, unajua mwenyewe anaonaje.

Sasa sikiliza jambo moja kuhusu bendi hizi za jadi, maana bila hilo hutaelewa kilichotokea. Bendi nzima husimama kuzunguka maikrofoni moja. Mwenye zamu anasogea mbele, wengine wanarudi nyuma hatua moja; akimaliza naye anarudi, mwingine anaingia. Na aliye mbele akikwama, zamu yake hanyang'anywi. Wenzake wanarudia muziki ule ule, mzunguko kwa mzunguko, hadi aingie mwenyewe.

Siku ikafika. Jua la Lakeville lilikuwa kali, wazee wameketi kwenye viti vya kukunja na majokofu yao ya mkononi, wananitazama, Mkenya mwenye kofia mpya ambayo bado ilikuwa ngumu ukingoni. Zamu yangu ikaja, nikasogea. Nilianza kupanda kwa ulaini wangu wa kwaya, na katikati, kwenye neno la kawaida kabisa, koo likanisaliti. Kraa! Jogoo mchanga anayejaribu kuwika. Watu wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya, lakini kicheko ni kicheko, na masikio yangu yalipata moto.

Nikageuka kumtafuta Walter anitoe pale. Aliweza. Wimbo ulikuwa wake, na hata kwa ile sauti ya chini iliyombakia angeumaliza kwa heshima. Hakusogea. Alinitazama usoni, akapiga gitaa lake, na bendi ikaanza mzunguko upya. Fidla ikazunguka, besi ikazunguka, mahali pangu pakapita patupu. Mwanangu, nilimchukia mzee yule kwa mzunguko mzima. Ulipoanza mwingine ndipo nikaelewa kwamba hawakuniacha. Walikuwa wamenishikia mlango, nami ndiye niliyesimama nje nikisitasita.

Nikavuta pumzi, nikaivunja sauti kwa makusudi, pale pale ilipokuwa imenipasukia. Ikaruka. Ilipanda mahali ambapo kwaya haikuwahi kunifikisha, ikashuka, nikaivunja tena, ikapanda tena. Nilisikia ndani yake jinsi baba yangu alivyokuwa akiwaita ng'ombe wake bondeni, na bado ulikuwa wimbo wa Walter. Mzee mmoja wa mstari wa mbele alivua kofia akaiweka kifuani. Wote wakasimama. Nilicheka huku naimba, na machozi yalinitoka, wala sikuyafuta. Niliporudi nyuma, Walter aliniambia maneno mawili tu: "Sasa unaimba." Yeye ametangulia mbele za haki, bendi ipo, na anayesimama kwenye maikrofoni unamjua.

Kwa hiyo nasaha yangu ni hii, na naisema waziwazi ili usije ukadai hukuelewa. Nyanya yako, mama mkwe wangu, hakupanda ndege kutoka Voi ili asikie Kiswahili cha taarifa ya habari. Redio anayo. Amekuja kukusikia wewe, na wewe una pande mbili: Voi na Kericho huku, Crystal kule. Lazima pawe na mahali zinapokutana, na hapo ndipo ulimi wako unapovunjika. Usipashone. Ukisema "hii mtu" badala ya "huyu mtu," sema na uendelee. Kujikwaa si kuanguka, bali ni kwenda mbele. Kicheko cha watu wa kanisa kitaisha kabla ya sadaka kupita. Neno ambalo hukumwambia nyanya yako utarudi nalo nyumbani, na utakaa nalo miaka.

Najua utafanya vizuri. Nakwambia hivyo kwa kuwa nimekusikia ukimwimbia mbwa wa jirani kwa Kiswahili ukidhani niko nje nafyeka nyasi.

Jambo la mwisho. Kwenye simu na nyanya, ukikwama, mimi huingia nikakumalizia sentensi. Jumapili sitaingia. Nitakaa kiti cha mbele, kofia magotini. Neno likikukimbia, usinitazame ili nikutoe. Nitazame ujue kwamba nipo. Mama yako atakuwepo, kanisa zima litakuwepo, na tutasubiri mzunguko kwa mzunguko mpaka uingie mwenyewe.

Mungu wa baba zako akupe koo lisilo na hofu. Akusimamishe mbele ya maikrofoni ya kanisa, wala miguu yako isirudi nyuma kabla hujamaliza. Na ukishamaliza, nyanya yako akujibu kwa kigelegele, ili usikie kwa masikio yako jinsi sauti ya mtu mzima inavyovunjika akifurahi.