Siku Nilipoinyamazia Nailoni

Shule yetu, iliyo chini kidogo ya soko la Tengeru, ilikuwa na hadubini moja ya chuma ambayo lenzi yake ilivunjika kabla sijaajiriwa. Wanafunzi wangu wa kidato cha pili waliijua seli kwa picha ya kitabuni tu. Mmoja aliandika kwenye mtihani kwamba seli ni ya zambarau na ina mishale pembeni. Nilimpa nusu alama, maana alikuwa ameandika alichokiona.

Wazazi walipokubali tununue hadubini moja ya kidijitali ya kubebeka, mkuu wa shule, mama mwenye sauti ya kuanzisha kwaya, alisema ataichagua mwenyewe, na mimi mwalimu wa biolojia nimsindikize mjini. Hapo nikaingiwa na wasiwasi. Ofisini kwake kitu kipya hakibanduliwi nailoni. Televisheni inayo, rimoti inayo, na viti vya wageni vinayo; mwezi wa pili, joto likikolea, ukisimama kiti kinataka kuja na wewe. Projekta tuliyopewa imefunikwa kitambaa cha kufuma na haijawahi kuwashwa. Hadubini ingechaguliwa kwa kupendeza kabatini, watoto wangu wasingeigusa kamwe.

Kwa hiyo nilijiandaa. Kwenye mkoba nilitia kipande cha kitunguu, vioo vidogo vya maabara, na chupa ya maji ya mfereji.

Dukani mjini, muuzaji, kijana mchangamfu, alitupangia hadubini mbili mezani. Moja ilikuwa kubwa, nyeupe, ya kuchomeka ukutani, na skrini pana. Nyingine ndogo ya kijivu, ya betri, skrini yake kama kiganja, ina taa juu na taa chini. Hiyo ndogo ndiyo waliyokuwa wakiwaonyeshea wateja, imeshabanduliwa nailoni na kukwaruzika pembeni.

"Shikamoo mama. Hii kubwa inakuza mara elfu moja."

"Marahaba. Hii ndiyo yenye heshima," mkuu akasema, huku akiipapasa.

"Na umeme ukikatika, Madam?" nikauliza.

"Mwalimu, wewe kila siku unaombea giza."

Nikaomba tuzijaribu. Kijana akanyoosha ukucha kubandua nailoni ya kwenye lenzi ya ile kubwa. Mkuu akamdaka mkono.

"We kijana! Unabandua kitu ambacho hakijanunuliwa?"

"Mama, ni hapa kwenye lenzi tu..."

"Iache hivyo hivyo. Itaingia vumbi."

Kijana akanitazama mimi. Mimi nikatazama dari. Mwalimu wa sayansi mwaminifu angesema neno hapo. Nilihesabu taa za duka, zilikuwa sita.

Ngozi ya kitunguu ikawekwa. Kwenye skrini pana ukatokea ukungu, kama unautafuta Mlima Meru wakati wa masika.

"Mbona kama uji?"

"Labda ndivyo ilivyotengenezwa, Madam," nikasema.

Nikaihamishia kwenye ndogo. Kuta za seli zikajipanga safi kama matofali, na kiini kikaonekana ndani ya kila moja. Mkuu akasogeza uso kwenye skrini. Haraka nikaweka tone la maji. Kidudu chenye jicho moja kikakatiza kikiburuta vifuko viwili.

"Kimebeba nini hicho?"

"Mayai. Huyo ni mama."

"Jamani! Ametoka wapi?"

"Kwenye mfereji wa nyuma ya jiko letu."

"Jiko letu la shule?"

Akavuta stuli, akakaa. Baada ya muda alikuwa anawaita wateja wengine. "Njooni mumwone mwenzenu na mzigo wake!" Wanawake wawili walioingia kununua chaja wakasahau chaja.

"Kwa hiyo mama, nikufungie ile kubwa?" muuzaji akajaribu.

"Ile kamuuzie asiyeona. Nipe hii."

Alipokuwa anaifunga, kijana alininong'oneza, "Teacher, wewe siyo mtu mzuri." Nikamwomba asisahau waya wa kuchajia.

Furaha yangu ilidumu hadi mlangoni. Mkuu aliitia hadubini kwenye pochi yake, akavuta zipu, akaenda nayo nyumbani. Jumapili nzima niliwaza kabati la ofisini.

Jumatatu, kipindi cha pili, alitokea darasani na pochi yake. Akanisogeza kwa kiwiko.

"Foleni! Nitashika mimi, nyie mtaangalia."

Mtoto wa kwanza akainama, akakaa pale mpaka wa nyuma wakaanza kumvuta sweta.

"Madam, hiki cha katikati ndicho kiini?"

"Hicho hicho. Kiangalie vizuri, halafu mpishe mwenzako."

Alifundisha kipindi changu chote na nusu ya kile cha Kiswahili. Mimi nilisimama dirishani, machozi yananitoka, nikimenya vitunguu.