Usimpeleke Mtoto wa Chafya kwa Mkata Kimeo

Nakumbuka asubuhi moja ya mwezi wa tisa, mwanangu, na nikiikumbuka hasira bado inanipanda. Nakuita mwanangu, wewe mama mwenye mtoto mdogo, ingawa mie mwenyewe sijafika thelathini. Nimezaa, nimekosea, na nusura nimuumize mtoto wangu kwa mikono yangu. Hiyo inatosha kunipa haki ya kukwambia.

Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, nimepanga chumba cha uani Temeke, na binti yangu Nuru ana miaka mitatu. Masika yakishakatika, upepo ukianza na miembe ikitoa maua, Nuru alikuwaga anaamka na chafya. Siyo moja wala mbili. Nane, kumi, mfululizo, mpaka macho yanakuwa mekundu. Makamasi mepesi kama maji, anajisugua pua kutwa, na akilala kikohozi kikavu. Homa hana. Mie nikasema mafua. Duka la dawa wakanipa antibayotiki, wakanikatia nusu dozi, nikamnywesha. Wiki zikapita, nikarudi, wakanikatia tena. Chafya palepale.

Ndipo jirani yangu Mama Pili akaniambia, "Shoga, hicho ni kimeo. Kimerefuka, kinamtekenya koo. Siku kikimziba utaamka na maiti."

Kimeo ni kile kinyama kinachoning'inia nyuma kabisa ya mdomo. Wapo watu kazi yao ni kukikata. Mie nina cheti cha kidato cha nne, nimesoma baiolojia, lakini nikwambie ukweli, hilo neno maiti lilinitoa akili. Kesho yake tukaenda kwa bibi mmoja huko Segerea.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Mpakate, umbane miguu. Mama Pili, we shika kichwa."

Nikambana. Mie, mama yake. Bibi akachukua kiwaya chenye ncha iliyopindwa, akakifuta kwenye kanga yake. Ni kilekile alichomkatia mtoto aliyetutangulia, na huyo mtoto alikuwa pembeni anatema damu kwenye beseni huku mama yake akisema itakata tu, itakata.

Nuru akapiga chafya. Bibi akangoja. Akapiga nyingine. Halafu mtoto akajiziba pua kwa vidole viwili, akanitazama.

"Mama, sipigi tena. Sipigi tena chafya."

Alidhani anaadhibiwa.

Nikanyanyuka naye.

"We Mama Nuru, kaa chini!" Mama Pili akanifokea.

"Sikai."

"Msomi huyo! Haya, cheti chako kitamlea. Akifa usije kulia mlangoni kwangu."

Nilifika kituo cha afya na hilo "akifa" masikioni. Kwenye benchi nilikuwa namchungulia mdomoni kila dakika. Je, kama Mama Pili alikuwa sahihi? Je, kama nimemnyima mtoto dawa?

Daktari alikuwa mama mtu mzima, miwani imening'inia shingoni, na hakunionea huruma hata kidogo. Nilipomweleza habari ya kimeo, alimmulika Nuru kooni, akamsikiliza kifua, kisha akaniachamia mdomo wake mwenyewe.

"Tazama na wewe. Unakiona? Ninacho tangu nizaliwe na mwakani nastaafu. Kila mtu anacho. Wewe ungeambiwa ukatwe ulimi kwa sababu unakohoa, ungekubali?"

Nikatikisa kichwa.

"Chafya zinaanza saa ngapi?"

"Alfajiri, daktari."

"Na wewe alfajiri unafanya nini?"

"Nafagia uwanja."

"Yeye yuko wapi?"

"Pembeni yangu. Nikimaliza nachoma majani."

Akavua miwani. "Sasa ulienda kumkata nini, mama, wakati chafya unampa mwenyewe kila kukicha?"

Akanieleza kwamba ni aleji. Mwili wa mtoto unapigana na vitu ambavyo mwingine anavivuta asisikie kitu: vumbi, unga wa maua, moshi, vijidudu vya kwenye godoro. Antibayotiki haina kazi hapo. Akaandika dawa ya aleji kwa kipimo cha uzito wake, na matone ya maji ya chumvi ya kusafishia pua.

Mwanangu, kwetu mwanamke asiyesikika fagio lake alfajiri anaitwa mvivu. Ndiyo maana nilikuwa natimua vumbi kavu kama nashindana. Niliporudi nikaanza kunyunyiza maji kwanza, Nuru yuko ndani, mlango umefungwa. Majirani wakanicheka, "Mama Nuru anaiogesha ardhi!" Wacheke. Mto wa sufi nikautupa, godoro nikawa nalianika juani, majani nikaacha kuchoma. Chafya hazikuisha, nisikudanganye. Miembe ikitoa maua zinarudi, lakini mbili tatu, na mtoto analala.

Hasira yangu haijaisha pia. Nawakasirikia wanaouza nusu dozi, namkasirikia Mama Pili, na zaidi najikasirikia mie niliyembana miguu.

Kwa hiyo sikia. Mtoto akipiga chafya kila msimu bila homa, angalia kwanza anavuta nini hapo nyumbani kwako: fagio lako, moshi wako, hata dawa ya mbu unayochoma chumbani. Mpeleke kwa daktari, na dawa mpe ile aliyoandikiwa yeye, siyo ya jirani. Akianza kupumua kwa kukoroma kifuani, mbavu zinaingia ndani, usingoje kesho wala ushauri wa mtu, kimbia hospitali. Na kimeo chake kiache kilipo. Mtu akikutisha kwa neno maiti, mwambie aanze kukata chake.

Mungu akukuzie huyo mtoto, apumue vizuri, azeeke, na siku ikifika akuzike yeye, siyo wewe umzike. Amina.